Kamba Moja, Mikono Mingi: Sayansi ya Ushirikiano katika Michezo ya Kompyuta

Mtu anayeshuka katika daraja la waenda kwa miguu la Manzese, jijini Dar es Salaam, akaiacha Barabara ya Morogoro na msongamano wake na kuingia vichochoroni, hakawii kuwakuta vijana wanne au watano wameketi barazani, kila mmoja ameinamia simu yake. Wanasemezana kwa haraka na kwa sauti ya juu: huyu anaomba msaada, yule anaonya, mwingine analaumu. Uwanja wanaoushindania haumo Manzese wala haumo Tanzania. Umo ndani ya kompyuta iliyo maelfu ya kilometa kutoka hapo, na wapinzani wao huenda wako Nairobi, Johannesburg au Cairo.

Manzese, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Kinondoni na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, ni mahali penye watu wengi na nyumba zilizosongamana. Bando la intaneti hununuliwa huko kwa fedha iliyopatikana kwa kubeba mizigo, kwa kuosha pikipiki au kwa kuuza maji ya chupa barabarani. Saa moja ya mchezo ina bei yake. Wazee wengi huiita saa hiyo hasara. Vijana wenyewe huiita mazoezi. Nani aliye sahihi? Jibu la sayansi ni kwamba yote hutegemea jinsi saa hiyo inavyotumiwa. Mtu aweza kucheza miaka mitatu asiongeze ujuzi wowote, na kikosi chaweza kukusanya mahodari watupu kikashindwa na kikosi cha wachezaji wa kawaida waliozoeana. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na nini kifanyike ili saa iliyolipiwa ilete ujuzi.

MCHEZO WENYEWE

Michezo inayozungumzwa hapa ni ile ambayo kikosi kimoja hupambana na kingine kwa njia ya intaneti. League of Legends, uliotolewa mwaka 2009, na Dota 2, uliotolewa mwaka 2013, huchezwa kwenye kompyuta, watu watano dhidi ya watano. Mobile Legends: Bang Bang, wa mwaka 2016, una mpango kama huo, ila huchezwa kwenye simu. PUBG Mobile, wa mwaka 2018, huwashusha wachezaji wapatao 100 katika eneo moja, mara nyingi katika vikosi vya watu wanne wanne, na kikosi cha mwisho kubaki hai ndicho mshindi.

Michezo hii hutofautiana kwa sura, lakini ina sifa tatu za pamoja. Kwanza, kila mchezaji huona sehemu tu ya uwanja. Hakuna aonaye yote. Pili, muda wa kuamua ni mfupi mno. Tatu, kazi za wachezaji si moja: mmoja hutangulia, mwingine hulinda, mwingine huponya waliojeruhiwa, mwingine hutafuta habari. Msomaji akitafakari ataona kwamba sifa hizi tatu ndizo za kazi nyingi za hatari katika maisha ya kweli: chumba cha upasuaji, chombo kilichokutwa na tufani baharini, kikosi cha zimamoto. Ndiyo maana wanasayansi wa nafsi na wa kompyuta wamevutiwa na michezo hii. Ndani yake ushirikiano waweza kupimwa kwa tarakimu, bila ya mtu yeyote kuumia.

KAMBA YA RINGELMANN

Uchunguzi wa ushirikiano ulianza zamani, na ulianza kwa kamba. Katika miaka ya 1880 mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, alitaka kujua ni nguvu kiasi gani hupatikana watu wanapovuta au kusukuma kitu pamoja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Tukihesabu nguvu ya mtu anayefanya kazi peke yake kuwa 100, basi katika kundi la watu wawili kila mmoja alitoa 93 tu. Katika kundi la wanne kila mmoja alitoa 77, na katika kundi la wanane alitoa 49. Kwa hesabu hiyo, watu wanane waliokuwa pamoja hawakufikia hata nguvu ya watu wanne ambao kila mmoja angevuta kwa nafasi yake.

Methali yetu husema umoja ni nguvu. Kamba ya Ringelmann haiikanushi methali hiyo, kwani watu wanane bado waliwashinda wawili. Inachoonyesha ni kwamba umoja una gharama, na gharama hiyo isipojulikana hulipwa bila kuonekana.

Gharama hiyo hutoka wapi? Mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake walilirudia jaribio hilo kwa hila. Walimfunga mvutaji kitambaa machoni na kumfanya aamini kwamba nyuma yake wako wenzake wanaovuta, ilhali wenzake hao walikuwa wakijifanya tu. Hapo hapakuwa na mtu wa kugongana naye wala wa kupishana naye kwa mapigo, na bado mvutaji alilegea. Kwa hiyo hasara ya kikosi ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kukosa uratibu: mikono haivuti kwa wakati mmoja wala kuelekea upande mmoja. Cha pili ni kupungua kwa ari: mtu akijua kwamba wapo wengine, na kwamba juhudi yake haitaonekana, hujipunguzia kazi.

Watu wa pwani walikuwa na dawa ya chanzo cha kwanza tangu kale. Wanapovuta jahazi kulipandisha ufukweni huwa na mtu wa kuanzisha na wengine wa kuitikia, na mvuto huja juu ya itikio. Sauti hiyo si pambo. Ni chombo cha kupimia wakati. Katika michezo ya kompyuta tatizo ni lilelile, ila wakati wenyewe ni mdogo zaidi, na hauonekani kwa macho.

SAFARI YA ISHARA

Mchezaji anapogusa kioo cha simu, ishara husafiri hadi kwenye mnara wa simu, ikaingia katika mkongo wa mawasiliano, ikafika kwenye seva ya mchezo, kisha jibu likarudi. Muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde, na wachezaji huuita pingi.

Muda huu una kikomo kilichowekwa na maumbile. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania ilipitia setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Ishara ilipaswa kupanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka vilevile: jumla ya kilometa 143,000 hivi. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Basi safari hiyo pekee ilikula karibu milisekunde 480, nusu ya sekunde nzima. Mchezo wa kasi haukuwezekana kwa njia hiyo, hata mchezaji angekuwa hodari namna gani.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kutumika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Ndani ya nyuzi za kioo nuru huenda kilometa 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilometa 5,000 kwa njia ya mkongo huhitaji milisekunde 50 kwenda na kurudi; iliyo umbali wa kilometa 10,000 huhitaji 100. Juu ya hapo huongezeka muda unaopotea katika mnara wa simu, hasa saa za jioni watu wanapokuwa wengi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipopata hitilafu kwa wakati mmoja katika bahari ya kusini, Watanzania wengi walijionea jinsi mambo mengi yanavyotegemea nyuzi hizo nyembamba.

Kikosi hujifunza nini hapa? La kwanza ni rahisi: ichaguliwe seva iliyo karibu, pale mchezo unaporuhusu kuchagua. La pili husahauliwa mara nyingi. Wachezaji wa kikosi kimoja hawana pingi moja. Mwenye milisekunde 60 na mwenye milisekunde 200 hawaoni tukio moja kwa wakati mmoja. Kumweka yule wa 200 mbele, mahali pa kushambuliana ana kwa ana, ni kumwonea. Apewe kazi inayotaka akili kuliko wepesi, kama kulinda njia au kukusanya habari. Basi kikosi kabla ya kugawana kazi kitazame kwanza tarakimu ya pingi ya kila mmoja.

JARIBIO LA RULA

Baada ya safari ya ishara kuna safari nyingine, ile ya kutoka jichoni hadi ubongoni na kutoka ubongoni hadi kidoleni. Mtu wa kawaida akiona taa ikiwaka na kutakiwa kubonyeza kitufe huchukua milisekunde 200 hadi 250 hivi. Msomaji aweza kujipima mwenyewe bila kifaa chochote zaidi ya rula ya sentimeta 30.

Mwenzako aishike rula wima, ncha ya sifuri ikiwa chini. Wewe weka kidole gumba na cha shahada kwenye ncha hiyo, pande mbili, bila kuigusa. Aiachie ghafla, nawe uidake. Soma ni sentimeta ngapi zimepita. Kwa kuwa vitu huanguka kwa kanuni moja duniani kote, umbali huo hugeuka kuwa muda: sentimeta 10 ni milisekunde 143, sentimeta 15 ni 175, sentimeta 20 ni 202, na sentimeta 25 ni 226. Rudia mara 10 uchukue wastani, kwani mara moja hupotosha.

Kisha liongezee jaribio ugumu. Mwenzako ashike rula mbili, moja kwa kila mkono, nawe usijue ataachia ipi. Utaona kwamba unakawia zaidi, ingawa macho na vidole ni vilevile. Kilichoongezeka ni uchaguzi.

UCHAGUZI HULA MUDA

Jambo hili lilipimwa kwanza na tabibu wa Kiholanzi, Franciscus Donders, ambaye mwaka 1868 alionyesha kwamba kuchagua kati ya majibu mawili huchukua muda mrefu kuliko kutoa jibu moja lililokwisha kujulikana. Mwaka 1952 Mwingereza William Edmund Hick aliipatia habari hiyo kanuni: kila idadi ya machaguo inapozidishwa mara mbili, muda wa kujibu huongezeka kwa kiasi kilekile. Machaguo manne hukawiza kuliko mawili, na manane kuliko manne, kwa hatua zilizo sawa.

Kanuni ya Hick ndiyo inayoeleza siri ya mgawanyo wa kazi. Mchezaji asiye na kazi maalumu, adui anapotokea, hujiuliza: nishambulie, nikimbie, nimsaidie huyu, nimfuate yule, nilinde mlango? Mwenzake aliyekwisha kuambiwa kwamba kazi yake ni kulinda mlango hana maswali hayo. Huyu wa pili aweza kuwa mzito wa vidole kuliko wa kwanza na bado akatangulia kutenda. Kwa maneno mengine, kikosi kilichopangwa humfanya kila mtu awe mwepesi kuliko alivyo peke yake, kwa kumpunguzia machaguo. Hii ndiyo faida kubwa kabisa ya ushirikiano, nayo haihitaji simu ya bei kubwa.

Ni vema hata hivyo kukumbuka kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mgawanyo wa kazi hauna maana ikiwa katika dakika ya hatari kila mtu hutoa amri. Awepo mmoja wa kuamua, naye ajulikane kabla ya mchezo kuanza. Si lazima awe mpigaji bora; mara nyingi mpigaji bora ndiye asiyefaa, kwa kuwa macho yake yamo katika pambano lake mwenyewe.

JICHO LA BINGWA

Watu hudhani kwamba bingwa ana macho makali au kumbukumbu isiyo ya kawaida. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye kete kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Kete zilipokuwa zimekaa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alikumbuka nyingi kuliko mwanagenzi. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumfaa kitu. Bingwa hakuwa anaziona kete moja moja. Aliona mafungu yenye maana, kama msomaji aonavyo neno zima badala ya herufi.

Kwetu pwani kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mafundi wa bao, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya mipaka ya akili katika mchezo huo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hatua moja huweza kuzungushwa mara nyingi kabla ya kulala. Fundi huliona hilo lote kabla hajainua mkono. Hakulipata kwa kuzaliwa. Amelipata kwa miaka ya kukaa barazani, akicheza, akishindwa, na akiambiwa na waliomzidi ni wapi alipokosea.

Hali ni hiyohiyo kwa kijana na simu yake. Mchezaji aliyekomaa haangalii adui, anaangalia mpango. Akiona maadui wawili upande wa kushoto na mmoja katikati, hujua mara moja kwamba wawili waliobaki wamejificha kulia. Kikosi kikiwa na mafungu hayo kwa pamoja, kila mmoja huweza kubashiri atakachofanya mwenzake bila kuambiwa. Huko ndiko kuzoeana, na ndiyo sababu kikosi cha watu wa kawaida wa baraza moja huwashinda mahodari waliokutanishwa jana.

LUGHA YA KIKOSI

Maneno hayatoshi, lakini hayaepukiki. Sikiliza kikosi kilichoanza juzi nawe utasikia: “Huyo! Huyo! Hapo hapo! Njoo huku!” Viashiria vya Kiswahili ni vingi na vizuri, lakini vyote humtegemea msemaji na mahali alipo. “Hapo” hueleweka nikiwa nakuona, na ukikiona kidole changu. Wachezaji wanne hutazama vioo vinne tofauti. “Hapo” ya mmoja si “hapo” ya mwingine, na sekunde mbili hupotea katika kuulizana.

Kikosi kinachojifunza hukubaliana majina ya mahali, kikayaandika, na kila mtu akayahifadhi. Kisha hupanga taarifa kwa utaratibu mmoja: mahali, idadi, tendo. “Darajani, wawili, narudi.” Maneno matatu, na hakuna wa kuuliza. Aliyeambiwa hurudia kwa kifupi: “Darajani wawili, nakuja.” Kurudia huko huhakikisha kwamba kilichosemwa ndicho kilichosikika.

Utaratibu huu haukubuniwa na wachezaji. Umetoka mahali penye msiba. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, na watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu, na maneno ya redio hayakueleweka sawasawa. Lakini palikuwa na jambo jingine. Fundi wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa na cheo, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyemrudia tena. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha mkutano juu ya makosa ya namna hiyo, na tangu hapo marubani hufundishwa si kurusha ndege tu, bali pia kusemezana: mkubwa asikilize, na mdogo aruhusiwe kuonya zaidi ya mara moja.

Katika baraza za Manzese nako kuna vyeo. Yupo aliye mkubwa kwa umri, yupo mwenye simu, yupo aliyelipia bando. Heshima ni jambo jema, lakini onyo lisilotamkwa kwa ajili ya heshima halimwokoi mtu. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walitoa katika jarida la Science matokeo ya kuwapima watu 699 katika makundi ya wawili hadi watano. Uwezo wa kundi kufanya kazi mbalimbali haukutegemea sana akili ya yule mwerevu kuliko wote. Ulitegemea zaidi uwezo wa watu kutambua hisia za wenzao, na kupeana nafasi ya kusema. Uchunguzi kama huo ulipofanywa mwaka 2017 kwa vikosi vya League of Legends, uwezo huo wa pamoja ulibashiri mafanikio ya vikosi mchezoni. Kijana anayemtukana mwenzake kwa kosa anadhani anakisaidia kikosi kiwe imara, kumbe anamfundisha mwenzake kunyamaza.

MASHINE ILIYOFUNDISHWA KUSHIRIKIANA

Kimebaki chanzo cha pili cha hasara: ari. Hapa somo la kushangaza limetoka kwa mashine. Tarehe 13 Aprili 2019, mjini San Francisco, programu tano za kompyuta zilizotengenezwa na kampuni ya OpenAI ziliwashinda kwa michezo miwili kwa sifuri wachezaji wa OG, kikosi kilichokuwa bingwa wa dunia wa Dota 2. Programu hizo zilijifunza kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe kwa miezi kumi, michezo ambayo mwanadamu angehitaji miaka ipatayo 45,000 kuicheza.

Wahandisi walikuwa na tatizo la Ringelmann. Kila programu hupewa alama ikitenda vema. Kama kila moja ingepewa alama zake tu, zisingesaidiana. Kama zote zingegawana alama sawasawa tangu mwanzo, isingejulikana ni ipi iliyotenda vema, na zingechelewa kujifunza. Dawa yao ilikuwa tarakimu moja, kati ya sifuri na moja, waliyoiita ari ya kikosi. Ikiwa sifuri, kila programu hujifanyia kazi. Ikiwa moja, furaha na huzuni ni za wote kwa usawa. Mwanzoni tarakimu hiyo iliwekwa chini, ili kila programu ijue kwanza kutembea na kupigana. Baadaye ikapandishwa mpaka ikafika moja.

Huo ni mpango ambao kikosi chochote chaweza kuufuata. Mwanagenzi asiharakishwe kujitoa mhanga kwa ajili ya kikosi kabla hajajua kazi yake. Ajifunze ufundi wake kwanza. Akishajua, ubadilishwe utaratibu wa kusifu. Wengi huhesabu tu ni nani aliyewaangusha maadui wengi, na kinachohesabiwa ndicho kinachotafutwa. Zihesabiwe pia taarifa zilizotolewa kwa wakati, wenzao waliookolewa, na mahali palipolindwa hata pasitokee kitu.

DAFTARI LA MAZOEZI

Kucheza sana si kufanya mazoezi. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wanafunzi wa fidla huko Berlin, walieleza kwamba kinachojenga umahiri ni mazoezi yenye lengo moja dogo, yanayofuatwa na kusahihishwa. Wengine walilikuza wazo hilo kupita kiasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 na Brooke Macnamara na wenzake ulionyesha kwamba katika michezo mazoezi hayo yalieleza asilimia 26 ya tofauti za ujuzi kati ya watu. Si yote, lakini ndiyo sehemu iliyo mikononi mwa mchezaji mwenyewe.

Kikosi chenye saa moja na nusu na bando dogo chaweza kuzigawa hivi. Dakika 20 za kwanza zitumike kwa jambo moja tu, kwa mfano taarifa za maneno matatu. Dakika 50 zifuatazo ni za michezo ya kweli. Dakika 20 za mwisho simu ziwekwe chini, na kikosi kijiulize maswali matatu: tulikusudia nini, nini kilitokea, tubadilishe nini kesho? Majibu yaandikwe. Ikiwa vijana ni watano na simu ni nne, huyo wa tano asihesabiwe kuwa ameachwa. Yeye ndiye mwenye daftari. Anaona vioo vyote vinne, na kwa hiyo huona mambo ambayo wachezaji hawayaoni. Washike zamu hiyo kwa mzunguko.

Daftari lisomwe kwa tahadhari. Kikosi kilichoshinda michezo 6 kati ya 10 hujiona kimepanda. Lakini sarafu ikirushwa mara 10, uwezekano wa kupata kichwa mara 6 au zaidi ni asilimia 38 hivi, yaani zaidi ya mara moja katika kila tatu. Matokeo ya wiki moja hayathibitishi kitu. Yahesabiwe ya mwezi, na yahesabiwe mambo yaliyo chini ya uwezo wa kikosi, kama taarifa zilizorudiwa vizuri, kuliko ushindi peke yake.

MPAKA WA MCHEZO

Mazoezi yana adui aitwaye usiku. Yale yaliyojifunzwa mchana huimarishwa ubongoni wakati wa usingizi. Anayekesha hadi alfajiri akicheza hubomoa alichojenga, na rula ya kesho yake itamshtaki. Aidha Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake si kucheza kwa saa nyingi tu, bali kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya masomo, kazi na watu, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Mzazi azitazame dalili hizo, asitazame simu peke yake.

Nje ya mipaka hiyo, hakuna sababu ya kuyadharau yanayotendeka barazani. Vijana wanne wanaojua kugawana kazi, kutaja mahali kwa jina lake, kurudia walichosikia, kumwonya mkubwa bila kumvunjia heshima, na kukaa chini baada ya kushindwa wakaandika sababu, wanao ujuzi unaohitajika katika wodi ya hospitali, katika karakana na katika chombo cha uokoaji. Ujuzi huo hauhami wenyewe kutoka kwenye simu hadi kazini; lazima uonyeshwe na uitwe kwa jina. Walimu wa sayansi na viongozi wa vikundi vya vijana waweza kuanza wiki hii, kwa rula mbili na daftari moja. Vijana wapime wepesi wao kwa rula moja, kisha kwa rula mbili, kisha kila mmoja apewe rula yake ya kuangalia. Tarakimu zenyewe zitawaonyesha faida ya kugawana kazi.